Asumini ya Mama na Chupa ya Kijani

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu tele. Mgongo unaendeleaje, na watoto wamepona mafua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Habari za moyo utazisoma.

Barua hii anakuletea mkeo, na hajui kilichomo. Nimemkumbatia na kumfungashia zawadi, lakini nimemkasirikia, kaka, nimemkasirikia sana.

Unajua kazi yangu ya kupima maji ya bwawa. Maabara yetu haina dirisha, kwa hiyo chupa ya bakteria wa kijani nimeilea jikoni miaka miwili, penye jua. Wiki iliyopita nilitoka kazini nikaikuta inang'aa, imesuguliwa kwa dawa ya madoa. "Nimekuondolea uchafu, wifi," akaniambia kwa upole.

Tena maji ya kuoshea hakuyamwaga bure. Aliinywesha asumini aliyotuachia marehemu Mama pale mlangoni, dawa na yote. Siku ya tatu majani yakawa ya njano, leo kimebaki kijiti.

Kinachoniudhi zaidi, analilia ua pekee. Chupa eti ilikuwa ya vijidudu tu. Vijidudu hao wanaishi kwa jua kama asumini, kijani chao ni kile kile, na hewa wanayoitoa ndiyo anayoivuta akinisema. Ila ua linanukia, basi linaitwa neema. Asiyejua maana haambiwi maana, nami nimechoka kumwambia.

Bakteria hana mama wala mwana. Hujigawa, na nusu zote mbili ni yeye yule. Kwa tone lililobaki kazini nimeshaanza chupa nyingine. Asumini nayo ni hivyo hivyo: kitawi ukikikata na kukipanda, ni ile ile.

Ulipohama ulikata kitawi ukakifunga kwa kitambaa chenye maji, nami nikakugombeza kwamba unaharibu ua la Mama. Nisamehe. Kama kwako bado kiko hai, basi asumini aliyoishika Mama haijafa. Nikatie kidogo, na mkeo akilete kwa mkono wake mwenyewe. Tutakipanda naye.

Nisalimie shangazi na Mzee Kelele, jirani yako. Mungu awafunike kwa heri.

Dada yako, akupendaye hata akiwa amenuna.

Chupa mpya nimeiweka juu ya kabati. Mwambie asiiguse.