Salama Gani Hiyo, Mama?

Tarehe 9 Agosti, mwezi wa tano tangu niondoke.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba na kikohozi kinakuacha ulale. Mimi ni mzima, ingawa vumbi la machimbo limenikausha koo na viganja vimekuwa msasa mtupu.

Mama, nimekasirika, na haya nisingeweza kukwambia kwa simu. Nesi wa kliniki ya wajawazito alituagiza, mimi na mke wangu, tusijibizane "salama" kama wapita njia. Kila jioni kila mmoja aseme jambo moja lililomlemea, mwenzake asikilize bila kumkatiza. Basi nilikuwa nakaa juu ya ndoo nyuma ya mashine ya kokoto, simu sikioni. Wenzangu wakaniita Bwana Mjamzito, wakaniuliza kama nimeanza kutamani ndimu. Niliwaacha wacheke. Mke wangu alipata kupumua, na mimi nikapumua.

Sasa wiki kadhaa hana neno ila salama. Tumbo? Salama. Usingizi? Salama. Jana nesi akanipigia mwenyewe: presha imepanda, na mke wangu alidondoka bombani akichota maji. Alipombana, akasema mama mkwe amemkataza kumlilia mume aliye mbali, eti atamtia wazimu kazini.

Salama gani hiyo, Mama? Nabeba mawe kutwa, nitashindwa kubeba neno la mke wangu? Mtoto ni wetu wawili, na hofu ni yetu wawili. Heshima yako iko palepale, lakini hapa umenikosea.

Tena kuna jambo sijawahi kukutamkia. Kabla hajafariki, Baba alinieleza habari za dada yangu aliyenitangulia. Baba mwenyewe alikuwa kazini mbali, na kila salamu uliyomtumia ilisema nyumbani hamjambo. Akarudi, akaonyeshwa kaburi la mtoto. Aliniambia, "Sikumlaumu mama yako. Kilichoniuma ni kwamba alilia peke yake."

Kwa hiyo najua ulikojifunzia kunyamaza, Mama. Ndiyo maana sitaki umfundishe mwingine.

Msimamizi nilipomwomba ruhusa alicheka, akauliza kama ni mimi ninayezaa. Nikamjibu, nusu yake. Anipe au anifukuze, shauri yake.

Nisalimie shangazi na wote wanaoniulizia. Dereva wa lori atakufikishia barua hii kabla yangu. Mimi nitashuka Jumapili jioni. Kliniki ya Jumatatu tutakwenda wawili; ukikubali, tutakwenda watatu.

Mwanao,
Kitindamimba