Harusi Iliyopita kwa Waya

KITUO KIDOGO CHA POLISI, KAPCHEMOSI
Maelezo ya shahidi kuhusu malalamiko ya kuharibiwa kwa televisheni

Jina: Isaiah Kipkosgei arap Chepyegon
Umri: Miaka 67 au hapo karibu. Mama alisema nilizaliwa mwaka wa nzige. Hesabu amepiga afande.
Kazi: Mkulima wa majani chai, pia ng'ombe watatu
Makao: Kijiji cha Kapchemosi, upande wa Sotik
Elimu: Darasa la tatu. Mwalimu alichoka kabla yangu.
Tarehe ya maelezo: 16 Desemba 1996

Mimi ndiye huyo aliyeandikwa hapo juu. Nimekuja kituoni leo asubuhi kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya Mureithi, fundi wa redio na televisheni pale Sotik, ambaye mmemlaza hapa tangu Jumamosi jioni. Mnasema aliharibu televisheni ya Ratemo, mwenye hoteli. Hakuiharibu. Aliyeiharibu namjua na nitamtaja, lakini nataka afande aandike mambo yakifuatana. Nikitaja jina sasa hivi ataweka kalamu chini.

Mke wangu anaitwa Rael Taprandich. Mwezi wa nane mwaka huu aliteleza kwa shamba la chai, mvua ilikuwa imenyesha, akavunjika mfupa wa nyonga. Tangu siku hiyo yuko kitandani. Mjukuu wetu Winny tulimlea sisi wawili, kwa maana mama yake alifariki akiwa bado ananyonya. Winny alikuwa aolewe na Kipkurui, kijana wa Siongiroi, mnamo tarehe 14 Desemba, Jumamosi, katika kanisa letu hapo bondeni. Kanisa hilo unaliona ukisimama mlangoni kwangu. Kwa mtu wa nyonga mbovu ni mbali kama Mombasa. Mwezi uliopita tulijaribu kumbeba kwa kiti. Hatukufika hata langoni, akalia. Nimekaa na Rael miaka mingi na nimemwona akilia mara mbili, na ile ya kwanza ilikuwa kitunguu.

Sasa afande, wewe ni Mkisii, nikueleze hili. Kwetu mtoto anabarikiwa kwa maziwa. Mzee anachukua funda la mursik, maziwa ya kibuyu, anampulizia mtoto kifuani huku akimwombea. Rael amewapulizia wasichana wote wa nyumba hii, na yeye ana sheria yake mwenyewe. Baraka ya asubuhi mlangoni, anasema, hiyo ni ya safari tu. Baraka ya ndoa ni ile msichana akipiga magoti mbele ya mchungaji, dakika hiyo hiyo. Basi huketi benchi la mbele na kibuyu chini ya shali, na mchungaji wetu wakati huo hutafuta kitu cha kutazama dirishani.

Mureithi alikuja kwangu mwezi wa kumi na moja kuhusu kupiga video ya harusi. Ana kamera yake. Alimwambia Rael, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, usijali. Nitakuletea kaseti Jumapili, utaangalia mpaka uchoke."

Rael akamwuliza, "Jumapili Winny atakuwa wapi?"

"Atakuwa kwake Siongiroi."

"Kwa hivyo nimbariki mtu ambaye ameshaolewa na anapika ugali? Hiyo ni kama kutia mbolea majani yakiwa yameshafika kiwandani."

Mureithi akatoka nje, akasimama mlangoni, akaangalia kanisa, akaangalia nyumba, akaangalia tena kanisa. Akaniambia, "Mzee, ukinipatia ruhusa ya kupitisha waya juu ya chai yako, shosho ataona harusi ikiendelea. Si kaseti. Wakiimba kule, yeye anawaona hapa."

Nilimwambia anadanganya. Alisema kama anadanganya nimlishe huo waya.

Mnamo tarehe 12, Alhamisi, tulivuta waya kutoka dirisha la kanisa, ukavuka kijito, ukapanda shambani mpaka chumba cha Rael. Tuliuweka juu ya vijiti vyenye panda, ili wachumaji wapite chini na vikapu vyao. Jenereta tuliificha nyuma ya zizi isipige kelele. Televisheni ya Mureithi ni ndogo na haina rangi, na macho ya Rael yamechoka, kwa hivyo akaenda kumwomba Ratemo ile yake kubwa, ambayo watu hutazamia mpira Jumapili. Ratemo alimpa kwa moyo mweupe, sitaki kumkosea. Alisema tu, "Irudi kama inavyotoka."

Siku ya Ijumaa tulijaribu. Picha ilikuja na chenga kama mvua ya mawe, na mchungaji alionekana ana vichwa viwili. Nilimwambia Mureithi kimoja kinatutosha, hicho tu kina mahubiri ya saa tatu. Akaenda akifungua kila kiungo cha waya na kukifunga upya, akaongeza kidude kidogo cha kuipa picha nguvu katikati ya safari. Kichwa kimoja kikaondoka. Lakini picha ikawa inaruka, inaruka, kama mtu mwenye kwikwi. Mureithi aliketi kwa ndoo akaitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Mzee, ile seng'enge ya ng'ombe ina stima?"

Ilikuwa nayo. Ni waya wa betri, ng'ombe akiugusa anakumbuka adabu. Waya wetu ulipita kando yake na kila ule wa ng'ombe ulipopiga, picha ilishtuka. Tuliuzima, kwikwi ikaisha. Ng'ombe pia walijua umezimwa, na usiku huo walikula mahindi yangu. Hilo sishtaki.

Kazi ya mwisho ilikuwa mwanga. Mureithi alimwambia mchungaji ageuze mambo, wanaharusi watazame dirisha lenye kamera, wasiligeuzie mgongo. "Ukimweka bibi harusi mgongo kwa dirisha," alisema, "shosho ataona kivuli kimevaa shela." Mchungaji alinung'unika kwamba tangu kanisa lijengwe watu wamepiga magoti kuelekea ukutani. Lakini akageuza.

Jumamosi tarehe 14 mimi sikwenda kanisani. Nilibaki na Rael, pamoja na jirani yetu Syprose ambaye hunisaidia kumwinua. Tulimvalisha nguo ya harusi na kitambaa cha kichwa, tukamwegemeza mito. Televisheni tuliiweka juu ya kreti karibu kabisa na kitanda, hata angeweza kuishika. Ilikuwa saa tano kasoro wakati picha ilipotokea.

Afande, sijui niseme nini juu ya picha ile. Ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Tuliona mpaka jasho la Kipkurui. Tuliona mdogo wangu kwa benchi la mbele, analala, na Rael akasema, "Mtu amfinye huyo." Halafu Winny akaingia. Mureithi alimleta karibu, uso wake ukajaa kioo chote. Rael alimshika Syprose mkono. Alisema polepole, "Ana pua ya mama yake. Mbona sijawahi kuiona?" Mimi nilikuwa nashughulika na kamasi.

Mchungaji akasema wapige magoti. Winny akapiga magoti, akitazama dirisha, yaani akitutazama sisi.

Rael alikuwa ameshatia funda mdomoni, kibuyu hata sikukiona. Akampulizia Winny kifuani. Akampulizia lote, kwa nguvu ya mtu aliyelala miezi minne, na akasema maneno yetu ya baraka mpaka mwisho. Maziwa yalijaa kioo. Mengine yaliingia katika yale matundu ya hewa ya juu.

Televisheni ilifanya sauti kama yai likianguka kwa mafuta ya moto. Harufu ikawa ya sufuria iliyosahauliwa. Picha ikanywea mpaka ikawa nukta moja nyeupe katikati, na nukta ikazima.

Syprose alinitazama. Nilimtazama Syprose.

Rael akasema, "Wameanza maombi." Akafumba macho. "Hata kamera ya huyu Mureithi inajua kuomba."

Basi afande, ungefanya nini? Nilifumba macho. Syprose akafumba. Tuliomba hapo mbele ya kioo cheusi, na nikwambie ukweli, niliomba sana, kwa sababu nilikuwa namfikiria Ratemo. Rael aliposema amina nilikuwa nimeshafunika televisheni kwa kitambaa cha meza. Nikamwambia wamekwenda kula. Akasema, "Ni sawa, nilichotaka nimekiona," akalala usingizi mzito, jambo ambalo hajalifanya mchana tangu avunjike.

Mureithi alipopanda kutoka kanisani nilimpeleka jikoni. Nilimwambia yote. Alifungua mgongo wa televisheni akanusa.

"Mzee, hii imeganda."

"Ni mursik ya wiki mbili."

Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Hata kwetu, mzee akikutemea kifuani hujipangusi." Akaniuliza kama Rael anajua. Nikasema hajui. Akasema, "Basi asijue." Akaibeba televisheni akaenda zake.

Yaliyotokea Sotik nimeyapata kwa Syprose jana jioni. Ratemo aliiwasha, ikatoa moshi, akaita polisi. Mureithi akaulizwa alifanya nini, akajibu, "Imeharibikia mikononi mwangu." Nasikia na hapa amejibu hivyo hivyo tangu Jumamosi. Neno moja tu la ukweli angelala kwake. Lakini alijua mkisikia mtakwenda kumwuliza Rael, na Rael akijua kwamba baraka yake ndiyo iliyozima harusi, hatambariki mtu tena. Mimi namjua. Atanyamaza na kukitazama kibuyu.

Kwa hivyo aliyeiharibu ni Rael Taprandich, mke wangu, kwa maziwa, bila kukusudia ubaya wowote. Kama kuna sheria ya kushika baraka, shika mimi, ng'ombe aliyetoa maziwa ni wangu. Ratemo nitamalizana naye mwenyewe. Nina ndama jike ambaye Ratemo humwangalia sana akipita. Ninayoomba ni mawili. Mumtoe Mureithi. Na Rael asiambiwe.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na kuyanusa kwa pua yangu, sijaongeza chumvi, hata kama yalihitaji. Nimesomewa nikaona ni maneno yangu, isipokuwa afande ameyanyoosha mahali yalipokuwa yamepinda.

Sahihi: I. K. Chepyegon

Maandishi ya ofisa:
Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Nyamwange, na kusomwa mbele ya shahidi. Saa nane mchana nilifika nyumbani kwa Bi. Rael Taprandich kuyathibitisha. Nilimwuliza tu aliona nini siku ya harusi. Alieleza kwamba aliona kila kitu, picha safi kuliko waliokuwa kanisani, kwamba alimbariki mjukuu wake, na kwamba baadaye kanisa liliomba kwa muda mrefu. Sikuona haja ya kumwuliza zaidi. Sioni kosa la jinai. Mshukiwa Mureithi ameachiliwa saa kumi jioni. Nilipoinuka kuondoka, Bi. Rael aliniuliza kama nimeoa, nikasema bado. Madoa yaliyo katika ukurasa huu ni ya maziwa.