Vyuma kwenye benchi la stendi

Acha unachofanya, soma hii.

Shangazi Mwantumu kachanwa na benchi. Benchi. Lile la saruji pale stendi ya Nachingwea. Katandika kanga bila kuangalia, si unajua kila siku ya gulio anakaa hapohapo, kakaa. Kumbe wamepachika vyuma ukingoni, vikali kama meno. Gauni limechanika, paja linatoka damu, watu wote wanaona.

Katokea Dunstan, yule msimamizi wa stendi. Hata pole hakusema. Eti, "Mama, vyuma hujaviona? Vinazuia watoto wa skeiti wasibomoe benchi."

Watoto wa skeiti. Nachingwea hii.

Shangazi akamuuliza taratibu, "Wako wangapi?"

Dunstan akajifanya anaangalia magari.

"Mwanangu, nimekuuliza. Wako wangapi?"

"Mmoja."

"Wa nani?"

Stendi nzima ikamgeukia, maana kile kibao cha magurudumu anacho Davis peke yake, na Davis ni mtoto wa Dunstan wa kumzaa.

Shangazi akaiokota kanga yenye damu, akaitandika tena juu ya vyuma vilevile.

"Kaa."

Gari lake la kurudi Ruponda likapiga honi. Shangazi hakugeuka.

"Nimesema kaa."

Dunstan akakaa.