Mke Wangu Anataka Nitoe Mashine Sebuleni

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi salamu tu, naomba msaada wako umwonye mke wangu kabla hajaivunja nyumba. Mimi ni fundi wa mashine za kufumia vitambaa, na sisemi kwa majivuno, kiwandani waliniita Sikio kwa sababu nilikuwa nikifika getini tu najua mashine ipi ina nati iliyolegea, hata meneja akipata wageni alikuwa ananiita niwaonyeshe. Basi wakaleta mashine mpya za kompyuta, wakabakiza watu wachache wa kubonyeza kioo, na hata hao hawakumaliza mwaka, maana siku hizi watu wananunua nguo za nje zilizoshonwa tayari kwa bei ya kutupa, mwenye kiwanda akahamia mji mwingine ambako wanashona tu, hawafumi, na sisi tukaambiwa kila mtu achukue kinachomfaa aende zake. Wenzangu walichukua viti na mapazia, mimi nikachukua mashine yangu, nikaifungua vipande vipande, nikaiunga upya sebuleni, imejaa kuanzia dirishani hadi mlangoni, wageni tunawakalisha jikoni, na kila Jumamosi naipaka mafuta kwa sababu najua kabisa kazi itarudi, na siku wakiniita wanikute niko tayari.

Mke wangu anashona sare za shule chumbani, mchana godoro tunaliegemeza ukutani ili apate nafasi, na anasema chuma kitoke sebuleni aingize cherehani ya pili. Nimekataa. Hiyo cherehani aliyonayo yenyewe mkanda umelegea, naisikia inachechemea, lakini sijaigusa kwa sababu mimi ni fundi wa kiwanda, si wa vicherehani vya barazani, kila mtu na fani yake, si ndiyo? Akamwita fundi wa mtaani, akamzidishia ubovu, nami nimekaa pale pale nasoma gazeti lako. Sasa ameitwa huko huko kiwanda kilikohamia, akawe msimamizi wa washonaji, na amesema, "Baba Watoto, mwisho wa mwezi mimi naondoka. Ukija, karibu. Ukibaki na chuma chako, mtapikiana." Mshauri, mke gani huyo? Mwambie asubiri, uchumi ukikaa vizuri wote tutarudi kazini. Nampenda, tena bila yeye hata usingizi siupati.

Ni mimi, Sikio.

*

Sikio, pole. Naanza na pole kwa sababu unaistahili: hukuiba, hukulewa, hukuchelewa kazini, na bado umeamka siku moja ukakuta ufundi wako hauna mnunuzi. Hilo linauma sana. Na waliowaletea mashine mpya bila kuwafundisha hata kuziwasha wana lao la kujibu, wao pamoja na wakubwa wanaotuhubiria kwamba ajira zipo. Zipo wapi, na za nani?

Pole imeisha. Kuna ukosefu wa kazi unaopita: biashara ikidorora bosi anawapumzisha watu, ikichangamka anawaita, na anayesubiri simlaumu. Wako si huo. Kwako kazi yenyewe imebadilika. Mashine imechukua nafasi ya watu, mnunuzi kageukia nguo za nje, na kazi iliyobaki imehama mji na inataka ujuzi mwingine. Ndiyo maana kule wanatafuta watu hawawapati, na huku watu wanatafuta kazi hawaioni. Uchumi unaweza kukaa vizuri mpaka ukapitiliza, na hilo lichuma likawa bado linakunyima sebule. Unasubiri treni kwenye reli iliyong'olewa, baba, tena umeshavaa koti.

Ila hili la cherehani limenikera. Unausikia mkanda umelegea, mkeo anamlipa mtu auharibu, nawe upo pale pale na gazeti! Nashukuru kusomwa, lakini si kwa mtindo huo. Nani kakudanganya kwamba fani yako ni ile mashine? Kiwandani hawakukuita Chuma, walikuita Sikio. Huko anakokwenda mkeo kuna ukumbi mzima wa cherehani za umeme, na nati zake zinalegea kama zile ulizozizoea. Hujui kompyuta zake? Kajifunze. Utakaa benchi moja na watu wa umri wa wanao, watakucheka wiki ya kwanza, na hakuna aliyekufa kwa kuchekwa.

Mkeo sitamwonya ng'o. Ameshona chumbani huku godoro likimtazama, amepata cheo, na bado anakuambia "karibu". Mwanamke aliyekuchoka halitumii neno hilo.

Mashine ipeleke chuo cha ufundi, wanafunzi waifungue na kuifunga, itapata kazi kabla yako. Wakiikataa, muuzie mwenye vyuma chakavu, na ukitaka kulia, lia, ulikula nayo miaka. Usiniandikie tena kabla hujafanya hivyo. Na leo, ukimaliza kusoma hapa, chukua bisibisi, ingia chumbani, ukaze ule mkanda bila hotuba. Akikuuliza kulikoni, mwambie, "Nimesikia." Halafu muulize basi linaondoka siku gani.