Matufaha ya Baba Mkwe Nawapa Mbuzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nyumba yangu inawaka moto na kiberiti nimekiwasha mwenyewe. Naishi hapa bonde la Huon, baba wa mume wangu, mzee Athol, amelima matufaha maisha yake yote, na kila Ijumaa hunikabidhi boksi barazani nami nashukuru, lakini mwanangu Tilda sijamlisha hata moja kwa sababu mzee hupulizia miti dawa, basi yake nawapa mbuzi wa jirani halafu naenda sokoni mjini Hobart kununua ya kilimo hai kwa bei ya kuumiza, na nitasema kweli, si afya tu, kule shuleni akina mama huchungulia chakula cha watoto wa wenzao, tufaha likikosa stika ya kilimo hai unatazamwa kama umempa mtoto sigara. Sasa juzi mzee akammenyea Tilda tufaha, mtoto akaficha mikono akasema, "Babu, mama kasema yako yana sumu, tunawapa mbuzi." Mzee akakunja kisu akaondoka, chai kaiacha. Nilipompigia simu kuhusu chakula cha kumaliza mavuno kwake akanijibu, "Njooni ninyi. Mtoto mwacheni, asije akadhurika." Mume wangu hanisemeshi, na Tilda kutwa ananiuliza babu yuko wapi. Nifanyeje?

Bronwen, Huon

Bronwen, hao mbuzi hawajambo? Nauliza kwa sababu kama uliamini kweli ni sumu, ulikuwa unaua mifugo ya watu, na kama hukuamini, mtoto umemfundisha uongo. Chagua moja.

Pole ninayo, kidogo. Hao akina mama wa getini pa shule nawajua, nimelea watatu mbele ya macho yao. Na kununua ya kilimo hai si kosa, pesa ni yako. Lakini hata mkulima wa kilimo hai ana dawa anazoruhusiwa kupulizia, salfa ni mojawapo. Yule wako wa sokoni ulimuuliza? Hukumuuliza. Mkweo je, ulimuuliza anapulizia nini, na anaacha lini kabla ya kuchuma? Wapi. Mgeni umemwamini kwa stika, baba wa mumeo umemhukumu bila kumsikiliza. Tena kilichomchoma si dawa, mama. Ulipokea boksi kwa mikono miwili, ukasema asante, akageuka ukatupa.

Sasa nenda shambani kesho, peke yako, na usijifiche nyuma ya zawadi ya keki. Mwambie, "Baba, nilikuwa naona haya mbele ya watu." Usingoje jibu, chukua mfuko uchume pembeni yake mpaka aseme neno. Kisha muulize habari za dawa, usikilize hadi mwisho. Ukiisha kusikia, kama bado hutaki, mwambie usoni asilete boksi. Ataumia, lakini hutakuwa umemdanganya.

Halafu mlete Tilda, na mbele ya babu yake umwambie kwa kinywa chako kwamba mama alisema uongo. Najua hilo ndilo litakalokukwama kooni. Lakini ndilo mzee analosubiri, na bila hilo mtoto wako hana babu.