Baba Anafungua Kinywa, Inatoka Sauti ya Cherehani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unifichie uso, maana nyumbani kwetu wote wanakusoma. Mimi ni mwanamke, fundi wa kushona, na tangu siku nilipofufua redio ya mama kwa kuizaba kofi, ndugu zangu wananiita Injinia, jina ambalo sikulikataa, na balaa likaanzia hapo. Tuna kanda moja ya kamera ya zamani, ya harusi ya kitinda mimba wetu, ambamo marehemu baba anasimama na kutoa nasaha kwa dakika kumi na mbili, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Sasa masikio ya mama yanafifia, daktari amesema tusihesabu miaka, na mama mwenyewe kasema, "Nataka kumsikia mzee wenu mara moja tena, halafu masikio yafunge duka yakitaka." Basi tumepanga kukutana Jumamosi, nami nikajitwika kazi ya kuihamishia kanda kwenye kompyuta, niipandishe sauti kwa ile programu ya kuhariri video. Shemeji, mume wa dada, akaniletea kamera yake na kile kisanduku kidogo cha kuiunganisha na kompyuta. Nikaanzisha, nikarudi kushona wakati inaingia, picha ikatoka safi, lakini, mshauri, baba anafungua kinywa, inatoka sauti ya cherehani! Nikarudia, na mara ya tatu akatoa sauti ya mteja wangu akiuliza gauni lake litakwisha lini. Nikairudisha kanda pale baba anapoanza, nikaona labda kamera haijaambiwa itume, nikasogeza swichi, nikabonyeza kitufe chekundu, kioo kikaonyesha magoti yangu, nikadhani inajipasha moto, kumbe inarekodi juu ya baba. Nilipoizima, magoti yalikuwa yameshakula sekunde arobaini za salamu zake. Mama akauliza kulikoni, nikasema kuna hitilafu, akasema, "Ni kamera mbovu ya shemeji yenu, nilijua tu," nami nikanyamaza, na tangu hapo shemeji anaitikiwa salamu nusunusu. Je, sekunde zile zinarudi? Na je, ni lazima niseme?

Injinia wa Bandia

Injinia,

Pole. Na hapana, hazirudi. Kilichofunikwa na rekodi mpya kimekwenda, na atakayekuambia vingine anataka kukuuzia kisanduku cha pili. Ila bado una dakika kumi na moja na ushei, na ukiendelea kubahatisha vitufe utabaki na filamu ya magoti.

Toa kanda sasa hivi. Ubavuni ina kijikufuli cha plastiki. Kisukume kwa ncha ya mkasi, na kamera haitaweza kurekodi juu yake hata ukiikalia. Hilo hufanywa kabla ya kugusa waya wowote. Hukulijua kwa sababu mtu akishaitwa Injinia huona aibu kuuliza.

Sauti sasa. Kompyuta ina maikrofoni yake, na programu isipoelekezwa husikiliza hiyo. Ilikuwa ikisikiliza chumba chako, dada yangu, haikuwa ikisikiliza kanda. Fungua mipangilio, pale penye chanzo cha sauti, chagua kisanduku. Hakikisha plagi nyeupe na nyekundu zimeingia, maana ya njano hubeba picha peke yake. Swichi ya kamera ikae kwenye kucheza. Kitufe cha kurekodi utakachobonyeza ni cha kwenye kompyuta. Cha kamera kione kama jiko la moto. Jaribu kwanza na kipande cha kanda chenye wageni wakiingia ukumbini, usijaribu na baba. Ukiwasikia wakicheka, endelea. Chomeka kamera kwenye umeme isije ikazima katikati, funga programu nyingine zote, na ukubali kwamba kanda ya saa moja huingia kwa saa moja. Haiharakishwi.

Ungeniuliza hayo tu, ningekuaga hapa. Lakini barua nzima umechekesha, na ulipofika kwa shemeji ukaacha kuchekesha, kwa hiyo jibu unalo. Mtu amekukopesha kamera, nawe umemvisha kosa lako likamtosha kama umempima. Utasema unamhurumia mama? Mama atasikiliza kwa masikio yanayoondoka. Usipomwambia, salamu zikikatika atabaki kuzitafuta, atadhani ni sikio lake limemwangusha, na nasaha zote zitapita akiwa bado anatafuta. Huo ndio wizi, zile sekunde arobaini zilikuwa ajali.

Kwa hiyo nenda leo, ukamwite shemeji akae pale pale, useme: "Mama, mwanzo nimeufuta mimi. Kamera ni nzima." Ukome hapo, usitaje swichi. Akikufokea, fokewa. Jumamosi mkalishe karibu na spika, upande wa sikio linalosikia zaidi, dada yako abonyeze, na wewe ukae mbali na vitufe.