Siku Baba Alipomaliza Deni

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifika kutoka huko uliko Maskati. Goti la bibi yako limepata nafuu, na mdogo wako keshahifadhi Yasini.

Unaniuliza kama umpe anayekudai akiba yako yote kwa mkupuo, akusamehe pesa zilizobaki.

Miaka ya hamsini tulikaa Mji Mkongwe. Baba yangu, seremala, alikopa kwa jirani yetu mwenye duka la nguo ili aezeke nyumba, akawa analipa kila mwezi. Alichokiogopa ni kufa akidaiwa. Siku moja akauza bangili za mama na misumeno yake yote, tukaenda dukani.

"Nikikupa hizi zote leo, utanisamehe zilobaki?"

"Lete. Tushamalizana."

Njiani baba alicheka. "Hata nkifa leo mwanangu, nshalipa."

Mwezi haukwisha, homa ikamchukua. Ndani hamkuwa na hata senti. Nikarudi duka lile lile, nikakopa bafta ya sanda.

Msikitini, kabla ya kumsalia, mimi mwanawe ndiye niliyesimama kuuliza kama kuna anayemdai marehemu. Mwenye duka alikuwa safu ya mbele. Akainamisha kichwa. Nami nikalitazama jeneza, nikijua baba amevishwa nini.

Sikukatazi kulipa, mjukuu wangu. Ila usikombe chungu chote.

Bafta ile niliilipa kidogo kidogo, kila mwezi, kama alivyokuwa akilipa yeye.

Babu yako,
Kijijini Uroa